Kipimo Ndicho Kinachoamua: Maswali Kuhusu Seva Zinazojiongeza Zenyewe

Mwaka 2009 Amazon iliwapa wateja wa huduma yake ya EC2 uwezo wa kuacha seva zijiongeze na kujipunguza zenyewe kwa kufuata vipimo. Leo kila kampuni kubwa ya wingu ina huduma kama hiyo, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwingine: kuhakikisha inakuokoa siku wateja wanapofurika. Haya ni maswali ambayo wahandisi wenzangu hunirudishia mara kwa mara.

Tuanze na msingi. Mfumo unajuaje kwamba wakati wa kuongeza seva umefika?

Mfumo hauwajui wateja wako wala shida zao. Unaijua namba moja tu, ile uliyouambia uitazame. Una kikundi cha seva zinazofanana, zote zimezaliwa na imeji moja. Mbele yake kuna kigawa mzigo kinachopeleka maombi ya wateja kwa kila seva. Halafu kuna kipimo, na sera inayosema kipimo hicho kinatakiwa kibaki wapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Una seva 4, wastani wa matumizi ya prosesa ni asilimia 80, na umeagiza ubaki asilimia 50. Nne mara 80, gawanya kwa 50, unapata 6.4. Seva haikatwi vipande, kwa hiyo zinakuwa 7. Kubernetes, mfumo wa kuendesha konteina, hufanya hesabu hiyohiyo kila baada ya sekunde 15, na ikiwa tofauti haizidi asilimia 10 haigusi kitu.

Karibu kila mtu huanza na matumizi ya prosesa. Kuna ubaya gani?

Kwa kazi inayotafuna prosesa kwelikweli, kama kubana picha au kutengeneza ankara za PDF, hakuna ubaya wowote. Lakini usikichague kwa sababu tu ndicho cha kwanza kwenye orodha. Kipimo bora kina sifa mbili: mzigo ukipanda kinapanda, na seva zikiongezeka kinashuka. Chukua idadi ya maombi yote yanayoingia kwenye mfumo. Inapanda na mzigo, sawa, lakini hata ukiongeza seva mia haishuki, kwa hiyo mfumo utaongeza tu hadi ugonge kikomo. Ukiigawanya namba hiyohiyo kwa idadi ya seva, unapata kipimo safi.

Sasa tuitazame prosesa inavyoweza kukudanganya. Tuseme unauza tiketi za mabasi mtandaoni, Desemba imeingia na watu wanarudi makwao Moshi na Bukoba. Kila sekunde yanaingia maombi 40 ya malipo, na kila ombi linangoja huduma ya pesa za simu ijibu. Ikijibu kwa sekunde 0.2, maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja ni 8 tu, yaani 40 mara 0.2. Hiyo ni kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, na kwangu mimi ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote katika kazi hii.

Huduma ile ya malipo ikielemewa na kuanza kujibu kwa sekunde 6, 40 mara 6 ni 240. Kama kila seva kati ya 4 ulizonazo inaweza kuhudumia maombi 25 kwa pamoja, nafasi ziko 100 tu, na foleni inaanza kurefuka. Abiria anabonyeza kitufe cha kulipa, skrini inazunguka, anabonyeza tena. Prosesa wakati huo hazina shughuli, maana kungoja jibu hakuzichoshi. Dashibodi inaonyesha asilimia 12. Na mfumo wako, kwa kutii sera uliyouandikia, unaanza kupunguza seva.

Si ningetumia tu muda wa kujibu kama kipimo?

Kwa mfano huohuo, muda wa kujibu ungekuongezea seva, na kila seva mpya ingepeleka maombi zaidi kwa huduma ya malipo ambayo tayari imezidiwa. Ungelipia seva ili kuongeza tatizo. Dawa hapo si seva. Weka kikomo cha kungoja, tuseme sekunde 3, kisha mwambie mteja malipo yake yanashughulikiwa na uyaweke kwenye foleni. Muda wa kujibu ufuatilie kila siku kwa ajili ya wateja wako, lakini usiuachie kuongeza seva mpaka ujue ni nini kinachouchelewesha.

Na memori?

Mara nyingi hapana. Programu nyingi, za Java hasa, zikishachukua memori haziirudishi kwa mfumo upesi hata wateja wakiondoka. Utaongeza seva asubuhi na jioni zitakuwa zimebaki zilezile. Isitoshe, EC2 haikutumii kipimo cha memori mpaka usakinishe wakala ndani ya seva.

Basi kipimo changu nikipateje?

Kwa huduma inayojibu wateja moja kwa moja, anza na idadi ya maombi kwa kila seva, au idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Namba ya kulenga usiibuni. Chukua seva moja inayofanana na za kazini, ipige maombi kwa programu kama k6 au Locust, ukiongeza taratibu. Kuna mahali muda wa kujibu utaanza kupaa ghafla. Tuseme ni maombi 120 kwa sekunde. Lenga 70 au 80, ili seva zilizopo ziwe na pumzi wakati mpya zinaamka.

Kwa kazi za nyuma, kama kutuma jumbe fupi au kuandaa ripoti, kipimo ni urefu wa foleni ukigawanywa kwa idadi ya seva. Kila kazi ikichukua nusu sekunde na ukikubali ingoje dakika moja, seva moja inamudu kazi 120. Zikiwepo 900 kwenye foleni, unahitaji seva 8. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinaanza na ahadi uliyompa mteja, ndipo kinafika kwenye mashine.

Tumeweka kila kitu sawa, lakini seva mpya hufika wateja wameshakasirika. Kwa nini?

Kwa sababu hakuna aliyejumlisha dakika. Tujumlishe pamoja, kwa EC2.

Kwa kawaida vipimo vya EC2 hutumwa kila baada ya dakika 5, na vya kila dakika moja vinalipiwa. Vilipie. Hata hivyo, ukitumia sera ya kulenga namba, alamu husubiri vipimo vitatu mfululizo viwe juu: dakika 3 zimekwenda. Seva inawaka, tuseme dakika moja. Programu yako inajipakia, inafungua miunganisho, inajaza kashe: dakika 2, na kama kila seva mpya huanza kwa kupakua na kusakinisha vifurushi, hata 6. Kisha kigawa mzigo kinaikagua. Kwa mipangilio yake ya awali hukagua kila baada ya sekunde 30, na seva mpya haipelekewi mteja hata mmoja kabla ya kutoa jibu zuri la kwanza. Hiyo inaweza kufika nusu dakika.

Jumla ni dakika 6 na nusu. Kama mzigo wako hujiongeza mara mbili ndani ya dakika 5, sera hiyo haikusaidii kitu, hata ukibadilisha kizingiti mara ngapi. Unachoweza ni kupunguza dakika. Tengeneza imeji ambayo kila kitu kimeshasakinishwa. Ukaguzi uwe kila sekunde 10. Hapo nusu dakika inakuwa sekunde 10. Hii ni kazi isiyoonekana wala kusifiwa, lakini ndiyo ninayowahimiza watu waianze kabla ya kugusa sera yoyote.

Je, kwa siku ambazo tunajua watu watafurika?

Usingoje kipimo. Siku ya kutangaza matokeo ya kidato cha nne, siku mishahara inapoingia, dakika tiketi za mechi kubwa zinapofunguliwa: mzigo haupandi, unaruka. Panga kwa ratiba, seva ziwe tayari nusu saa kabla, na uache sera ya kipimo iendelee juu yake.

Angalia saa tu. Usipotaja ukanda wa saa, ratiba za Amazon huhesabu kwa saa za UTC, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Saa mbili asubuhi yetu ni 05:00 kwao. Ukiandika 08:00 ukidhani umemaliza, seva zitaamka saa tano, wazazi wameshapiga simu kila mahali.

Kuongeza tumeelewa. Kupunguza nako kuna hatari?

Kuna hatari kubwa, na hapa ndipo ninapotaka watu wakae zaidi. Seva inayozimwa ina wateja ndani yake. Kabla haijazimwa, kigawa mzigo kiache kuipelekea wapya na kiwape waliopo muda wa kumaliza. Kile cha Amazon hutoa sekunde 300 usipobadilisha. Programu nayo iandikwe hivyo: ikipokea ishara ya kuzima, imalize ilichoshika kwanza.

Kuna makosa mawili ya kawaida. Picha alizopakia mteja huhifadhiwa kwenye diski ya seva, na seva ikiondoka zinaondoka nayo. Au taarifa za mteja aliyeingia zimo kwenye memori ya seva moja, ikizimwa anatupwa nje katikati ya malipo. Vyote viwili vitoke nje ya seva: mafaili kwenye hifadhi ya pamoja, taarifa za kuingia kwenye Redis au hifadhidata.

Na upunguze polepole kuliko ulivyoongeza. Kubernetes husubiri sekunde 300 kabla ya kupunguza. Sera ya kulenga namba ya Amazon hungoja vipimo vya dakika 15. Msiharakishe hilo. Seva moja ikizidi kwa robo saa, gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na seva zinazowaka na kuzima kutwa nzima.

Tuliongeza seva, mfumo ukazidi kuwa mzito. Inawezekanaje?

Mmeongeza wapishi, jiko ni lilelile moja, yaani hifadhidata. PostgreSQL, isipobadilishwa, hupokea miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo huwekwa akiba kwa msimamizi. Kama kila seva yako hufungua miunganisho 20, seva 4 zinatumia 80. Ya tano inapata 17, na ya sita haipati kitu: inawaka, inakaguliwa, inaanza kuwarudishia wateja makosa. Weka katikati PgBouncer, programu inayoziwezesha seva kutumia miunganisho michache kwa pamoja, na kabla ya kuandika idadi ya juu ya seva, zidisha kwanza na miunganisho.

Bili je? Bosi anaogopa itapaa.

Ana haki ya kuogopa. Idadi ya juu ni lazima iwekwe, maana mtu akiushambulia mtandao wenu kwa maombi ya uongo, mfumo utawahudumia washambuliaji kwa fedha zenu. Idadi ya chini isipungue 2, kila moja katika kituo tofauti ndani ya eneo moja, kama eneo la Cape Town ambalo Amazon ililifungua mwaka 2020.

Kuwa mwangalifu na seva za bei nafuu za aina ya T3. Ile ya t3.medium imejengwa kwa wastani wa asilimia 20 ya prosesa. Ukiagiza sera ilenge asilimia 50, itazidi kiwango chake mchana na usiku, na kwa mipangilio ya awali ziada hiyo inalipiwa.

Kisha weka alamu mbili. Moja ya bajeti ya mwezi, iende kwa mhasibu. Nyingine ilie idadi ya seva inapofika kikomo cha juu, na hiyo iende kwenye simu ya mhandisi wa zamu, hata saa tisa usiku, kwa sababu kuanzia dakika hiyo mfumo hauna tena cha kuongeza na anayeamua ni yeye.