Kuifikia Tarakilishi ya Nyumbani Ukiwa Mbali

Mtafiti wa fasihi simulizi aliyeko chuoni Nairobi, ilhali rekodi zake zimo katika tarakilishi nyumbani Lamu, atazifikiaje tasnifu inapodaiwa? Kizuizi ni uhaba: anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu, hivyo kampuni nyingi za intaneti huwashirikisha wateja wengi anwani moja. Abishaye hodi kutoka nje hajulikani aelekezwe nyumba ipi. Basi tarakilishi ya nyumbani ndiyo itangulie kutoka: iunganishwe kwa WireGuard na seva ya kukodi yenye anwani ya umma, nawe upitie huko huko. Iagizwe kutuma ishara kila baada ya sekunde 25 ili njia isifungwe, na kuwaka yenyewe umeme urudipo. Kabla ya kusafiri, ijaribu njia hiyo kwa intaneti ya simu. Mlango usiojaribiwa hautegemewi.