Ziwa Lililo Chini ya Bahari

Jibuti ni nchi ndogo katika Pembe ya Afrika, pale Bahari ya Shamu inapokutana na Ghuba ya Aden. Eneo lake ni kilomita za mraba 23,000 hivi. Imepakana na Eritrea, Ethiopia na Somalia. Hapana mto utiririkao mwaka mzima. Mvua ya pwani haifiki milimita 200 kwa mwaka, nayo huja kwa ghafula, ikajaza makorongo kwa saa chache, kisha mchanga ukainywa yote. Hata mto Awash, utokao katika milima ya Ethiopia, hauioni bahari. Hufia katika ziwa Abbe, mpakani.

Kila mtoto ajua kwamba maji hutelemka kwenda baharini. Lakini katika Jibuti maji ya bahari yenyewe hutelemka kwenda ziwani! Ziwa hilo ni Assal, nalo li mita 155 chini ya usawa wa bahari. Hapana mahali katika bara zima la Afrika palipo chini kama pale. Kati yake na ghuba iitwayo Ghoubbet pana vilima vya mawe meusi yaliyotapikwa na volkeno. Mawe hayo yana nyufa, na maji ya bahari hupenya humo chini kwa chini mpaka ziwani. Yakiisha kufika, hayana njia ya kutoka ila kwenda juu: jua kali huyageuza kuwa mvuke, chumvi ikabaki. Kwa hiyo maji ya Assal yana chumvi mara kumi hivi kupita ya bahari, na ufuo wake ni mweupe pe. Tangu zamani Waafar walipakia chumvi hiyo juu ya ngamia, wakapanda nayo mpaka Ethiopia, wakarudi na nafaka ambayo nchi yao haikuweza kuotesha. Safari hiyo haikuwa ya mchezo, maana visima vya njiani ni vichache.

Je, shimo hilo limetoka wapi? Ardhi ya hapo inapasuka. Bonde la Ufa, ambalo hupita pia Kenya na Tanzania, hukutana huko na nyufa zilizo chini ya bahari, na kila mwaka pande mbili za nchi huachana kadiri ya upana wa kidole. Mwezi wa Novemba 1978 nchi ilitetemeka, ufa ukapanuka zaidi ya mita moja kwa mara moja, na volkeno ya Ardoukoba ikazuka, ikatoa moto kwa siku saba hivi. Ilizuka katika vilima vile vile vizuiavyo bahari, ambavyo upana wake ni kilomita kumi na kitu tu. Vikizama, bahari itaingia kwa juu, na Assal litakuwa ghuba.