Mkalimani na Mashine: Mustakabali wa Kazi ya Lugha Kakuma na Lodwar

Makala haya yanachunguza athari za akili unde kwa kazi ambayo wanafunzi wa isimu hawajaitilia maanani ya kutosha: ukalimani katika Kaunti ya Turkana. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na makazi jirani ya Kalobeyei yamehifadhi wasemaji wa Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kioromo, Kirundi na Kiswahili cha Kongo, miongoni mwa lugha nyingine. Mahali kama hapo, kijana ajuaye lugha tatu ana riziki. Mkimbizi afanyaye kazi hiyo aghalabu hupewa posho badala ya mshahara kamili, ijapokuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imeitambua haki yake ya kufanya kazi.

Tishio halimkabili kila mkalimani kwa kiwango kimoja. Mnamo Juni 2024, kampuni ya Google iliongeza lugha 110 katika programu yake ya tafsiri, zikiwemo Kidinka, Kinuer na Kirundi. Kiturkana hakikuwemo. Basi matangazo ya chanjo na ratiba za mgao wa chakula, yaani kazi za maandishi, ndizo zitakazomponyoka binadamu kwanza huko Kakuma. Mjini Lodwar, takribani kilomita 120 kutoka hapo, muuguzi mgeni na mfugaji asiyejua Kiswahili bado wanamhitaji mtu wa kuwaunganisha. Ajabu ni kwamba lugha iliyosahauliwa na mashine ndiyo inayomlinda msemaji wake, walau kwa muda.

Hata Kiswahili, kilichoingizwa katika programu hiyo mwaka 2009, kina mitego yake. Tuchukue sentensi "Alimwambia atamuua." Viambishi vya nafsi havibainishi kama anayetajwa ni mume au mke, ilhali Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua. Wala haibainiki ni nani atakayeuawa: aliyeambiwa, au mtu wa tatu? Mkalimani humgeukia msemaji akauliza. Mashine ikiachwa peke yake hukisia, na kisio lake huandikwa kwa lugha fasaha isiyozua shaka. Katika mahojiano ya kuomba hifadhi, kiwakilishi kimoja kikigeuka, mhanga huweza kuonekana mwongo. Vivyo hivyo, "baba mdogo" na "ndugu" katika fomu ya kuunganisha familia si maneno ya kukisiwa.

Hata hivyo, umahiri si kinga ya ajira. Mwaka 2025, ufadhili wa Marekani ulipokatwa, mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa, na mashirika ya misaada yakaachisha watu kazi. Mwajiri aliyeishiwa halinganishi mashine na mkalimani bora. Hulinganisha mashine na kutokuwa na mkalimani kabisa. Yaelekea kazi itakayosalia ni ya kusahihisha matini ya mashine: malipo nusu, lawama nzima.

Ipo pia kazi mpya, ya kurekodi na kunukuu sauti ili mashine ijifunze Kiturkana, lugha ya toni isiyo na maandishi mengi. Kijana wa Lodwar akiifanya, atalipwa miezi michache kwa kuuza kinga iliyomlinda. Kabla ya sauti ya kwanza kurekodiwa, mkataba wake hauna budi kutaja ni nani atakayemiliki rekodi hizo, na iwapo malipo yataendelea kadiri zinavyotumika.