Tarehe ya Ardhi na Sanadi ya Mawe

Watu wawili wakisimama mbele ya jiwe lenye kombe la bahari ndani yake, na jiwe lenyewe liko mbali na pwani, mmoja atasema, "Ni ajabu," kisha apite. Wa pili atauliza: Kombe hili limefikaje hapa, na lilifika lini? Huyu wa pili ndiye aliyebisha mlango wa ilimu iitwayo jiolojia, nayo ni kuitafuta tarehe ya ardhi, na ya viumbe walioishi juu yake, kwa ushahidi wa mawe.

Asidhani mtu kuwa ilimu hii ni ngeni kwa Waislamu. Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu alichokitunga karibu na mwaka 1030 juu ya Bara Hindi, alieleza kuwa nchi yake tambarare ilikuwa bahari iliyojazwa na udongo wa mito. Dalili yake ni mawe ya mviringo: makubwa karibu na milima, ambako maji hupita kwa nguvu, kisha huzidi udogo kila mto uendapo mbali, na mwisho ni mchanga mtupu. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza namna udongo unavyogeuka kuwa jiwe kwa muda mrefu, na kuwa viumbe vya maji vilivyomo ndani ya mawe ya nchi kavu ni dalili kuwa nchi hiyo ilikuwa chini ya maji.

Kanuni za ilimu hii ni nyingi, na mwanafunzi aanze kwa tatu.

Ya kwanza: tabaka ya chini ndiyo ya kale, na ya juu ndiyo ya karibu, maadamu hazikupinduliwa. Kanuni hii iliandikwa na Nicolaus Steno mwaka 1669.

Ya pili: kilichomo ndani ya tabaka hushuhudia mahali. Makombe hushuhudia bahari, na miti iliyogeuka mawe hushuhudia nchi kavu.

Ya tatu: hesabu ya miaka. Madini ya urani hugeuka kuwa risasi polepole, kwa kipimo kisichobadilika. Hivyo hupimwa urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, ikajulikana miaka iliyopita. Lakini mchanga wenyewe hauhesabiwi hivi, kwa kuwa chembe zake ni vipande vya mawe ya kale zaidi. Huhesabiwa jivu la milima ya moto lililolala baina ya tabaka, kisha tabaka nyingine hulinganishwa nayo kwa viumbe vilivyomo. Mwaka 1956 Clair Patterson, wa Marekani, alipima risasi iliyomo ndani ya vimondo, akapata umri wa ardhi kuwa karibu na miaka milioni 4,550.

Mfano wa kanuni hizi uko katika nchi ya Lindi, katika kilima cha Tendaguru. Tangu mwaka 1909 hata 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa mno, waitwao dinosauri. Waliochimba kwa mikono yao ni mamia ya watu wa nchi, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikachukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin; na mmoja katika wanyama hao amesimamishwa huko, kimo chake chapita mita 13.

Lakini ukubwa wa mifupa si ndio ilimu. Ilimu imo katika mpango wa tabaka. Tendaguru mna tabaka tatu zenye mifupa, na baina yake mna mchanga wenye makombe ya bahari. Basi pwani ile bahari ilipanda ikashuka, ikapanda tena. Na makombe hayo, yakilinganishwa na ya nchi nyingine, huonyesha kuwa mambo hayo yalikuwa kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita.

Hapa mwanafunzi wa hadithi atafahamu upesi. Hadithi isiyo na sanadi, hata maneno yake yakipendeza, haijengewi hukumu. Na tabaka ndiyo sanadi ya mfupa. Mfupa uliong'olewa ukauzwa sokoni, wala haijulikani ulitoka tabaka gani, waweza kuwa wa kweli, lakini ushahidi wake umekatika, wala hapana fedha iwezayo kuuunga tena.

Kwa hivyo aonaye mfupa au kombe ndani ya jiwe asiling'oe. Naapatie alama mahali pale, awape habari watu wa makumbusho, wapate kuiandika tabaka kabla ya kugusa kitu. Kwani kitabu kilichochanwa kurasa huweza kunakiliwa kutoka nuskha nyingine, lakini kitabu cha ardhi, kwa kila mahali, nuskha yake ni moja tu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.