Pima Udongo Kabla ya Kuchimba Msingi

Ukipita Mavoko wakati wa kiangazi, utaona ardhi nyeusi iliyopasuka nyufa pana. Mvua ya masika ikinyesha, nyufa hizo hufumba, udongo huvimba na kunata kwenye viatu. Huu ndio udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mafundi wengi huuita udongo wa pamba. Huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nyumba iliyosimama juu yake bila maandalizi huinuliwa upande mmoja na kushushwa mwingine. Ufa huanzia kwenye kona ya dirisha, mlango hukataa kufunga, sakafu hubinuka. Mwananchi aliyeweka akiba kwa miaka mingi hujikuta akitafuta pesa za ukarabati kabla hajamaliza kulipa mkopo.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa kwa kupima udongo mapema. Makala hii inaeleza vipimo vinavyofanywa, vinaonyesha nini, na maswali unayopaswa kumuuliza mhandisi wako.

Vipimo vya uwanjani

Kazi huanza kwa shimo la majaribio, kwa kawaida la kina cha mita 2 hadi 3. Mhandisi huandika kila tabaka analoliona: rangi, unyevu, mawe, na mahali maji yanapoanza kuchuruzika. Usiingie katika shimo refu ambalo kuta zake hazijaegemezwa mbao. Udongo unaweza kuporomoka ghafla na kukufukia.

Sampuli huchukuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza hutiwa kwenye mfuko, nayo hutosha kutambua aina ya udongo. Ya pili hukatwa kwa bomba la chuma na kuzibwa kwa nta ili isipoteze unyevu wala umbo. Hii ndiyo inayopimwa nguvu, na kiasi ambacho udongo utadidimia ukibebeshwa mzigo.

Kwa majengo ya ghorofa, shimo jembamba hutobolewa kwa mashine. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76, ikipigilia bomba ardhini kwa sentimita 45. Mapigo ya sentimita 15 za kwanza hayahesabiwi katika jibu. Yanayohesabiwa ni ya sentimita 30 za mwisho. Katika mchanga, mapigo yasiyofika 4 yanaonyesha udongo legevu sana, na yanayozidi 50 yanaonyesha ulioshikana sana.

Kwa barabara hutumika kifaa chepesi zaidi: fimbo ya chuma yenye ncha kali, inayopigwa na nyundo ya kilo 8 ikianguka milimita 575. Mpimaji huandika ncha imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Ikizama sana, ardhi hiyo ni dhaifu.

Vipimo vya maabara

Kipimo cha kwanza ni cha unyevu. Udongo hupimwa uzito, hukaushwa katika joko la nyuzi 105 hadi 110 za selsiasi kwa takriban saa 24, kisha hupimwa tena. Uzito uliopungua ni wa maji.

Cha pili kinatokana na kazi ya Albert Atterberg, mwanasayansi wa Uswidi wa mwanzoni mwa karne ya 20. Hutafuta kiasi cha maji kinachoufanya udongo uanze kutiririka kama uji, na kiasi ambacho udongo uliosokotwa kama uzi wa milimita 3 huanza kukatika. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo inayotazamwa. Kwa mfano, udongo wenye asilimia 80 na asilimia 30 una tofauti ya 50, nao ni wa kuogopwa kwa kuvimba. Mchanga mtupu hausokoteki kabisa.

Cha tatu ni cha ushindiliaji, kilichobuniwa na Ralph Proctor wa Marekani mwaka 1933. Kila anayekanda chapati anajua kuwa maji yakipungua unga haushikani, na yakizidi unakuwa rojo. Udongo nao una kiasi chake cha maji ambapo hushikana vizuri zaidi. Ndiyo maana utaona lori la maji likinyunyizia barabara kabla ya mashine ya kushindilia kupita.

Cha nne hupima uwezo wa kubeba barabara. Udongo ulioshindiliwa hulowekwa kwa siku 4, kisha husukumwa kwa chuma na kulinganishwa na kokoto ya kiwango maalum. Katika mwongozo wa usanifu wa barabara nchini wa mwaka 1987, udongo wa daraja la chini, S1, una asilimia 2 hadi 5, na wa S6 unazidi asilimia 30. Penye udongo dhaifu, wahandisi huuondoa, huuchanganya na chokaa, au huongeza unene wa tabaka za juu.

Uliza haya kabla ya kulipa

- Mashimo mangapi yatachimbwa kwenye ploti yangu, na ya kina gani? Majibu ya ploti ya jirani hayatoshi.
- Sampuli zitapimwa maabara gani?
- Je, ripoti itatiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi?
- Ripoti inapendekeza msingi wa aina gani, na maji ya mvua yataelekezwa wapi?

Kwa miradi ya umma, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka afisi husika kujibu ombi kabla ya siku 21 kuisha. Barabara ikipita kijijini kwenu, una haki ya kuomba matokeo ya vipimo vya udongo wake. Na kwa nyumba yako mwenyewe, ripoti hiyo iwe mkononi kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.