Umri wa Mtoto na Sheria ya Kazi

Sheria ya Ajira ya Kenya, iliyotungwa mwaka 2007, yakataza mtu kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 13. Na mtoto aliye kati ya miaka 13 na 16 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Kuandika hesabu ya miaka ni rahisi. Kuijua miaka ya mtoto aliyesimama mbele yako ni jambo lingine, na Uingereza ilijifunza hayo kwa taabu.

Mitambo ya kusokota pamba ilipoenea katika nchi hiyo, wenye viwanda waliona upesi kwamba mtoto ana faida mbili: mshahara wake ni mdogo, na mwili wake pia ni mdogo. Uzi ulipokatika, vidole vyake vyembamba viliuunga; pamba ilipoanguka chini ya mtambo, alitambaa kuizoa, na mtambo ukiendelea kwenda juu yake. Wazazi maskini waliitegemea sana pesa ile, wala si haki kuwalaumu wao peke yao.

Mwaka 1819 Bunge lilikataza viwanda vya pamba kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 9. Sheria ilikuwa nzuri, lakini hakuna mtu aliyelipwa mshahara kwenda kutazama kama inafuatwa. Basi watoto waliendelea kuingia kazini kabla ya mapambazuko kama desturi.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1833. Watoto ambao hawajatimiza miaka 13 walipangiwa kazi ya muda wa saa 9 kwa siku, pamoja na saa 2 za shule, na vijana walio chini ya miaka 18 wakakatazwa kazi ya usiku. Lakini jambo lililokuwa jipya hasa ni wakaguzi, watumishi wa Serikali wenye ruhusa ya kuingia kiwandani, bwana apende asipende. Mmoja wao alikuwa Leonard Horner. Wakaguzi hao walikuwa 4 tu kwa nchi nzima!

Nao walikutana na fumbo mara moja. Serikali haikuwa na daftari la vizazi, na vitabu vya kanisa viliandika ubatizo, si siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo daktari alimtazama mtoto, akaandika hati kwamba ana nguvu na umbo la mtoto wa miaka 9. Mtoto mnene wa miaka 7 alipita bila shida. Pengine mtoto mkubwa alipelekwa kwa daktari, kisha mdogo akaitumia hati yake. Mwaka 1837 Edwin Saunders, mganga wa meno, alieleza kwamba meno huonyesha umri vizuri kuliko kimo, baada ya kutazama vinywa vya watoto zaidi ya 1,000. Ni namna tunayoizoea kwa ng'ombe na farasi, lakini ilikuwa afadhali kuliko kukisia.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo Serikali ilianza kuandikisha vizazi katika England na Wales. Hata hivyo, mtoto wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo hangetimiza miaka 9 mpaka mwaka 1846, na ni sheria ya mwaka 1874 iliyomtoza faini mzazi asiyemwandikisha mtoto wake.