Aliyenusurika akikosa usingizi, tusikimbilie kusema ana jini

BAADA ya swala ya Isha hapa Nkome, mvuvi mmoja alinifuata akaniambia, "Ustadhi, nisomee. Usiku nazama." Miaka kadhaa nyuma mtumbwi wao ulipinduka ziwani, na mwenzake hakuonekana tena. Tangu hapo kila akisinzia anahisi maji yanamwingia puani, anashtuka, anakwenda kukaa mlangoni mpaka alfajiri. Nilimsomea, kisha nikamwambia, na hili ninalijutia, kwamba imani yake imepungua. Hakurudi darasani kwa miezi miwili.

Ndugu msomaji, kosa hilo tunalifanya wengi, nasi tunaishi katika kanda yenye watu wengi walionusurika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya 220. Huko machimboni, Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Sote tulisema Alhamdulillah. Namna mtu wa aina hiyo anavyolala baada ya hapo si habari ya gazetini.

Wataalamu wanaeleza kuwa mtu akikabiliwa na kifo, mwili hujiweka tayari: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, masikio yanatega. Kwa wengi hali hiyo hutulia baada ya wiki au miezi. Kwa wengine ubongo unaendelea kukaa lindo kana kwamba kifusi bado kinashuka, na aliye lindoni halali. Akikosa kulala, kesho yake hofu inakuwa kali zaidi.

Katika Sahih Muslim, Abu Hurayra (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kuwa ndoto ni za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Allah, ya kuhuzunisha kutoka kwa shetani, na yale ambayo mtu anaizungumzisha nafsi yake. Fungu hili la tatu tunalisahau. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, nani atathubutu kusema imani yake ilipungua? Naye Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaitaja hofu na huzuni kuwa ni maradhi yenye tiba.

Wapo watakaosema tumekatazwa kusimulia ndoto mbaya. Ni kweli. Lakini kumweleza tabibu au nduguyo jambo lililokupata ukiwa macho si kusimulia ndoto.

Ruqya ni haki, na udhu na kulalia ubavu wa kulia ni Sunna. Pamoja na hayo, amka saa ile ile kila siku hata kama hukulala vizuri. Alfajiri inatusaidia katika hili. Usingizi ukigoma kwa muda wa kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Wavuvi wa dagaa wanaolala mchana nao wapange saa yao, wazibe madirisha. Gongo, ukiacha uharamu wake, humwangusha mtu mapema kisha humkatia usingizi usiku wa manane. Vidonge vya kununua dukani bila daktari navyo si njia.

Kwa ndoto inayojirudia ipo tiba: mchana, mtu huibadilisha mwisho wake kichwani, kisha huurudiarudia huo mwisho mpya kila siku. Barry Krakow na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001, waliona ikipunguza ndoto za kutisha kwa wanawake waliowahi kudhulumiwa kijinsia. Ni vizuri kuianza ukiwa na mtaalamu. Na hali ikizidi mwezi, nenda hospitali. Bugando, Mwanza, wapo madaktari wa akili.

Yule mvuvi nilimfuata mwenyewe mwaloni, nikamwomba radhi. Nikamuuliza jina la mwenzake. Alilitaja, kisha akazungumza mpaka wenziwe wakaanza kuwasha taa za kwendea dagaa. Nilipomtajia Bugando aliuliza kwanza kama tutavuka kwa kivuko. Nikamwambia hapana, tangu Juni 2025 lipo daraja la Kigongo–Busisi. Tulikwenda. Darajani alifumba macho, akanishika mkono mpaka ng'ambo.